Kipimo cha Maji: Siku Kumi za Gari-Nyumba Katika Ardhi ya Andalusia

Kuna msemo wa zamani unaosikika sana katika stendi na bandari zetu: "Msafiri kafiri." Wapo wanaoutaja kwa mzaha, na wapo wanaoufanya kuwa hoja ya kuacha sala njiani. Fiqhi inafundisha kinyume chake. Msafiri ndiye aliyepewa tahfifu ya kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya sala mbili kwa wakati mmoja, ili asibakiwe na udhuru wa kuziacha. Hukumu hizo nilizisoma chuoni miaka mingi iliyopita. Mwezi wa Aprili Allah (S.W.) alinijaalia kuziishi kwa siku kumi nchini Hispania, ndani ya gari moja, pamoja na kaka yangu na wanawe wawili.

Kaka anaishi Leicester, Uingereza, na kazi yake ni kuendesha basi. Kazi hiyo ni ya kukaa kitako kutwa nzima, na mwaka jana daktari alimwambia kwamba sukari imepanda na kwamba asipobadili mwenendo atakuwa mtu wa dawa maisha yake yote. Vijana wake, wa miaka 15 na 12, wanapenda mbio, nami nina mazoea ya kukimbia baada ya sala ya alfajiri tangu nikiwa mwanafunzi. Shule zao zilipofungwa, kaka akakata shauri tukutane Málaga, tukodi gari-nyumba, na kila asubuhi tukimbie naye. Safari yetu ilikuwa na nia hiyo.

Gari-nyumba ni gari kubwa kidogo kuliko basi dogo la abiria, lenye vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na tangi la maji. Mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo anaruhusiwa kuliendesha iwapo uzito wake hauzidi kilo 3,500. Hispania unaweza kuliegesha na kulala ndani yake pale maegesho yanaporuhusiwa, maadamu hutoi nje viti, meza wala turubai, kwani ukivitoa unahesabiwa kuwa umepiga kambi. Kwa sababu hiyo, tulipolala maegeshoni tuliswali ndani wawili wawili, imamu na maamuma wake wamesimama ubavu kwa ubavu, kwa kuwa nafasi haikutosha safu ya pili. Dira ilikuwa juu ya meza wakati wote. Kibla cha Andalusia kiko upande wa mashariki na kinaelekea kusini kidogo, lakini gari huegeshwa kila siku kwa namna nyingine, hivyo kijana mdogo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kukitafuta.

Saa za huko humshangaza Mswahili. Katikati ya Aprili alfajiri huingia takriban saa kumi na mbili na robo, na jua huchomoza saa mbili kasorobo. Adhuhuri ni saa nane na robo mchana, na magharibi ni karibu saa tatu kasorobo usiku. Mpangilio huo ulitufaa. Baada ya sala ya alfajiri na kusoma kidogo, tulibakiwa na muda wa kutosha wa kukimbia barabara zikiwa bado tupu. Tulivaa suruali zinazovuka magoti, tukatoka pole pole, na kaka akatembea nyuma yetu. Siku ya kwanza alitembea tu. Siku ya tatu alikimbia kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine, kisha akatembea mbili. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.). Niliwakumbusha vijana habari hiyo walipoanza kumcheka baba yao, wakanyamaza, na kuanzia siku hiyo mkubwa akawa anarudi nyuma kumsindikiza.

Shughuli nyingine za siku zilikuwa za nyumbani. Nguo za mbio zilifuliwa ndani ya beseni na kuanikwa chooni. Sanduku la choo lilimwagwa kwa zamu katika vituo maalumu, kwa glovu na kwa uangalifu wa najisi. Tulipika wali na dengu, tukala dagaa wakubwa wa makopo na zeituni. Mkate na vitafunwa tulivisoma lebo kwanza, kwani huko mafuta ya nguruwe hutiwa hata katika baadhi ya biskuti. Granada ina bucha za halali, na siku tuliyopata nyama ilikuwa kama Idd.

Jambo lililotushughulisha kuliko yote ni maji. Tangi letu lilibeba lita 100. Tulikuwa watu wanne, wote wakimbiaji, wote wenye kutawadha. Nikawafanyia vijana hesabu: kila mtu akitawadha mara nne kwa siku kwa lita nne za bomba lililoachwa wazi, ni lita 64, na hapo hatujapika, hatujaosha chombo wala hatujaoga. Anas (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja, nayo haifiki lita moja. Vijana waliona haiwezekani. Kijana mdogo akachukua chupa ya nusu lita, akatawadha taratibu, akaosha kila kiungo kama alivyofundishwa madrasa, na maji yakabaki. Toka hapo bomba la gari halikufunguliwa tena kwa ajili ya udhu.

Tulipofika Córdoba tulikimbia kando ya mto Guadalquivir, jina ambalo asili yake ni al-wadi al-kabir, bonde kuu. Karibu na daraja la Kirumi lipo gurudumu kubwa la mbao ambalo zamani lilipandisha maji ya mto. Hatua chache kutoka hapo umesimama msikiti ulioanzwa na Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785, wenye nguzo 856. Uligeuzwa kanisa mwaka 1236, na mpaka leo Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Tuliingia kama wageni wengine, tukatazama mihrabu, tukatoka. Kijana mkubwa aliuliza kama moyo wangu umeuma. Nilimjibu kwamba ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia, tukarudi garini tukaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja.

Granada ilitupa faraja. Katika mtaa wa Albaicín, juu ya kilima kinachotazamana na kasri la Alhambra, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na humo tuliswali Ijumaa. Mji huo ulianguka Januari 2, 1492, lakini maji yaliyoletwa na Waislamu hayakusahaulika. Mfereji wa kifalme uliyachukua kutoka mto Darro, kilomita kadhaa juu ya mji, ukayafikisha kwenye bustani na hamamu za Alhambra. Wahispania huuita mfereji acequia, kutokana na as-saqiya, na hodhi la chini ya ardhi huliita aljibe, kutokana na al-jubb. Bwawa wanaliita alberca, kutokana na al-birka, neno ambalo sisi nasi tunalo: birika la msikitini.

Siku tatu za mwisho tulikuwa Alpujarra, kwenye miteremko ya kusini ya Sierra Nevada. Kilele cha juu cha milima hiyo, Mulhacén, chenye mita 3,479, kimechukua jina la sultani Maulay Hasan wa Granada. Tuliliacha gari bondeni, tukapanda kwa miguu na kwa mbio hadi vijiji vyeupe vilivyo zaidi ya mita 1,000, ambako pumzi ya mtu wa pwani humwisha upesi. Njia zetu zilifuata mifereji iliyorithiwa kutoka zama za Waislamu, na hapo nilijifunza jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote. Mifereji mingine huchukua maji ya theluji inayoyeyuka na kuyamwaga makusudi mahali ambapo ardhi inayanywa. Maji hupita polepole chini ya mwamba na kutoka tena kama chemchemi bondeni, wakati wa kiangazi, theluji ikiwa imekwisha. Wenyeji wanasema wanapanda maji. Wakulima wa leo wanavuna kwa adabu ya watu waliofukuzwa karne nyingi zilizopita.

Asubuhi ya mwisho kaka alikimbia kilomita tatu bila kusimama. Hakusema kitu, akakaa juu ya ukingo wa mfereji, akanawa uso, akamwomba mwanawe mkubwa aadhini ijapokuwa tulikuwa wanne tu. Mwezi uliofuata alinipigia simu kuniambia kwamba vipimo vya sukari vimeanza kushuka, na kwamba bado anakimbia na vijana wake mara tatu kwa wiki. Alhamdulillah.

Nami, kwa kuwa bili ya maji ya msikiti wetu hupitia mikononi mwangu kila mwezi, nimerudi na swali kwa wasomaji. Misikiti ya kale ya pwani yetu, kama ule wa Gede na ule wa Kilwa Kisiwani, ilikuwa na mabirika ya kutawadhia, na wazee wetu walichota maji kwa kata. Kata ilikuwa kipimo. Mtu aliona alichochukua na alichobakiza kwa mwenzake. Bomba limetuondolea tabu ya kuchota, na kipimo kimeondoka nayo. Tunalifungua, tunazungumza na jirani, na maji yanakwenda, ilhali wakati wa mgao mtaa mzima unapanga ndoo.

Nimeiomba kamati yetu iweke makopo ya lita moja kando ya mabomba, na iwaanzishe watoto wa madrasa. Nyumbani kila mzazi anaweza kuanza leo bila gharama yoyote: mpe mwanao chupa ya nusu lita, mwambie atawadhe taratibu, umtazame. Atajua mwenyewe kwamba inatosha. Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wasiofanya israfu, azilinde afya za ndugu zetu walio mbali, na atukutanishe nao katika kheri. Amin.