Mark X Yapanda Kutus

Sikuwa nimewahi kufika Kutus. Mpwa wangu aliponiomba nimsindikize kwa wakwe zake watarajiwa, nilikubali hapo hapo, ingawa ilikuwa Aprili na mvua ya masika ilishashika. Tulitoka Nairobi alfajiri kwa gari lake, Toyota Mark X ya lita 2.5 iliyokuwa imeshuka Mombasa kutoka Japani si muda mrefu. Gari hilo husukumwa na magurudumu ya nyuma, ilhali injini yake ya silinda 6 iko mbele. Nyuma ni jepesi.

Mpaka Makutano hatukuwa na neno. Tuliposhika njia ya Embu mvua ikamwagika. Mjini Wang'uru wauzaji wa mchele wa pishori walikuwa wamefunika magunia kwa turubai, na kila mpwa wangu alipokanyaga mafuta kulipita lori, mkia wa gari ulichepuka na taa ya manjano ikamweka kwenye dashibodi. Tuliiacha njia ya Embu, tukapanda kuelekea Kutus polepole.

Kutus imekaa mahali ambapo mpunga unaishia na kahawa inaanzia. Chini yake kuna udongo mweusi wa Mwea, unaonata. Juu yake ule mwekundu, ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Nyumbani kwa wakwe kulikuwa huko juu.

Tukasimama kwa fundi wa matairi. Alichuchumaa, akapangusa ubavu wa tairi la nyuma kwa kitambaa, na herufi zikajitokeza: STUDLESS.

"Mzee," akaniambia, "hizi ni za theluji."

Tairi za namna hii zina historia yake. Wajapani wa mikoa ya baridi walikuwa wakitumia tairi zenye misumari, zikawa zinasaga lami na kujaza vumbi mijini, hadi sheria ya mwaka 1990 ikazidhibiti. Tairi zisizo na misumari zikachukua nafasi. Raba yake ni laini makusudi, isikakamae kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye lami yetu yenye joto raba hiyo hulegea, huisha upesi, na gari huyumba kwenye kona. Zile za mpwa wangu zilikuwa pia zimezeeka: tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni zilisoma 3814, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2014.

Basi ikawa kuchagua tairi nyingine. Mpwa wangu alishazitazama rimu za inchi 18 zilizoning'inia ukutani, za kuvaa tairi 225/45. Fundi alishikilia 215/60 za inchi 16, na mimi nikasimama upande wake. Kimo cha gurudumu zima karibu ni kile kile, lakini ubavu wa tairi la inchi 16 una takriban milimita 129, na wa lile la inchi 18 una 101. Ubavu mrefu humeza shimo na jiwe kabla rimu haijapinda. Tena tairi jembamba hukata maji vizuri zaidi kuliko pana.

Mtu mmoja pale akashauri tununue mbili tu, kisha tutie gunia la mchele kwenye buti. Fundi akakataa. Uzito husaidia kidogo, akasema, lakini mbele na nyuma zikishika barabara tofauti, gari litamgeuka dereva kwenye kona. Zikafungwa 4, mpya, za mifereji mipana ya mvua.

Kilima chekundu tulikipanda taratibu, mguu mwepesi kwenye mafuta, na mkia haukuchepuka tena. Tulifika wakwe wakiwa bado wanatandika meza.

Nawe ukipokea gari kutoka Japani, pangusa ubavu wa tairi kabla hujaondoka bandarini. Ukikuta neno STUDLESS, tenga fedha za tairi 4 kabla ya kitu kingine chochote, hasa kama gari husukumwa na magurudumu ya nyuma.