Marehemu Hakufeli Kemia

GPA yangu ya shahada ya kwanza ni 2.9 kati ya 5. Sikudisko, lakini hakuna aliyenipigia makofi. Kwa kawaida hapa Tanzania 2.7 inatosha kuomba shahada ya uzamili. Ufadhili niliouwania ulitaka 3.5, na aliyepungukiwa aliruhusiwa kueleza sababu kwa ukurasa mmoja.

Sababu nilikuwa nayo. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili, mwaka uleule niliopata sapu tatu. Niliandika usiku kucha kuhusu wodi, msiba, na basi la kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Nilipomaliza nililia, nikaamini barua ni nzuri.

Mama alitaka kuisikia. Nikamsomea kwa Kiswahili huku akichambua maharage. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mitihani hiyo ulifanya lini?"

"Februari, Mama."

"Na baba yako aliugua lini?"

Sikujibu. Aliugua Aprili, tukamzika Mei.

"Mwanangu, usimtwishe marehemu mzigo usio wake."

Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza nilifaulu kwa kukariri mitihani ya miaka iliyopita, nikadhani chuo ndicho hicho. Mwaka wa pili nikaacha kuingia vipindi vya asubuhi. Ripoti za maabara nilinakili kwa rafiki, nikibadilisha tarakimu za mwisho. Kwenye chumba cha mtihani hapakuwa na wa kunakili kwake.

Nilimwendea mhadhiri aliyesimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Tulikuwa tumepima floraidi kwenye maji ya visima vya Arumeru, ambako watu wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya madini hayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Siku moja alinikuta nikifuta kipimo kilichonikera. Akanifundisha kuwa kosa hukatwa kwa mstari mmoja tu, namba ibaki ikisomeka, na pembeni unaandika kilichotokea na tarehe. Nilipomuuliza kuhusu barua, alisema tu, "Fanya kama kwenye daftari."

Niliandika upya. Nilifeli masomo matatu kwa sababu sikuhudhuria vipindi na ripoti nilinakili. Niliyarudia nikafaulu. Tangu hapo kila jaribio nililifanya kwa mikono yangu, na utafiti wangu ulipata A. Nikaomba waangalie mihula miwili ya mwisho. Baba sikumtaja. Kama wewe nawe unaandika barua ya namna hii, weka tarehe kando ya kila sababu kabla hujaituma. Huenda sababu yako ikasimama. Yangu haikusimama.

Ufadhili sikuupata. Chuo kilinipokea bila huo ufadhili, na ada nalipa kidogo kidogo kwa kufundisha tuisheni ya kemia kwa vijana wa kidato cha sita. Kuna miezi naichukia ile barua ya pili.

Lakini Mei iliyopita nilikwenda Moshi kupalilia kaburi la baba. Nilikaa pale hadi jua likazama, na hapakuwa na kitu nilichohitaji kumwomba radhi.