Sinia Lililorudishwa

Bibi yangu hakujua kusoma, lakini Truyện Kiều, utenzi wa Nguyễn Du wenye mistari 3,254, alikuwa nao kichwani. Aliponiita bôn hakuhitaji kueleza. Ni Kichina cha kale, kukimbia. Kwa mwanamke, kumfuata mwanamume bila kuposwa. Vitabu vya mafundisho ya Confucius vilishakata shauri zamani: aliyeposwa ni mke, aliyekimbia ni suria.

Na posa ililetwa. Mwaka 1982, kijijini kwetu Thái Bình, Vietnam, mama wa mchumba wangu alikuja na popoo na tambuu. Baba akamrudishia sinia halijaguswa. Babu wa kijana alikuwa ameandikwa kabaila kwenye mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1950, na doa hilo liliwafuata wajukuu kwenye majalada. Baba alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na kaka yangu alikuwa akingoja nafasi ya kwenda kusoma Urusi. Sheria ya ndoa ya 1959 iliwakataza wazazi kulazimisha na kuzuia. Lakini nani angemshtaki baba yake?

Tukakimbilia Hòn Gai, kwenye makaa ya mawe. Aibu niliizoea upesi. Kilichotutesa ni karatasi. Mchele ulikuwa wa mgao, na mgao ulifuata daftari la kaya. Jina langu lilibaki kwenye daftari la baba, na kijiji kikaninyima barua ya uhamisho. Tulikula bobo, punje ngumu nilizoloweka usiku kucha, nikachemsha mpaka kuni zikaisha, na bado hazitafuniki. Nikiwa mjamzito nilizimeza nzimanzima. Mume wangu alibeba mizigo bandarini, mimi nilikanda vumbi la makaa na udongo, nikauza madonge ya kupikia. Jirani mmoja, mjane, alitukopesha sehemu ya mgao wake. Watu wakiniuliza habari za mapenzi, mimi huwasimulia habari za mama huyo.

Baada ya Đổi Mới, yale mageuzi ya uchumi, mgao ukafa, na baba akalegea. Mwaka 1989 akatuma ujumbe: leteni sinia. Bibi akatia chokaa kwenye tambuu, akatafuna, akatema, kisha akauliza kama kwa suria kuna mchele. Nikamwambia upo.

Shangazi zangu huhesabu ndoa yangu tangu siku hiyo, kwa hiyo kwao kifungua mimba wangu alizaliwa kabla ya harusi. Yeye hukasirika sana. Mimi siwasahihishi.