Kura ya Watoto: Waraka kwa Mpwa Mwalimu

Wete, Pemba

Kwa mpwa mpendwa, mwalimu wa skuli ya msingi,



Mjomba amepokea habari kwamba mpwa wake anakusudia kuwafundisha wanafunzi wa darasa la pili kupiga kura kwa uchaguzi wa mfano, yaani uchaguzi unaofuata taratibu za ule wa kweli bila ya kumpa mtu madaraka, na kwa kuwa jambo hilo lina uzito mkubwa kisiwani Pemba, ameona ni wajibu wake kumpa nasaha.

Kwanza, wanafunzi wasichaguane wao kwa wao, wala wasipewe rangi zinazofanana na za vyama, kwa sababu miaka ya 1990, mfumo wa vyama vingi uliporejea, Pemba ilishuhudia watu wakisusiana dukani na hata mazikoni, na mtoto huirithi chuki ya nyumbani kabla hajajua maana ya chama. Afadhali wachague mti wa kupandwa uwanjani, ama mshokishoki, ama mdoriani, ama mkarafuu, na kila mti uchorwe kwenye karatasi ya kura ili hata asiyejua kusoma aweke alama yake.

Pili, kura ipigwe kwa siri lakini ihesabiwe hadharani: siri humlinda mnyonge asitishwe na mwenye nguvu, na hesabu ya hadharani huwalinda wote wasidhulumiwe. Sanduku lioneshwe kwamba ni tupu kabla ya kazi kuanza, na kila mti uwe na wakala, yaani mtu anayesimamia maslahi ya upande wake wakati wa kuhesabu. Kila kura ina uzito: katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa tofauti ya kura 1 tu, na kiti hicho kimoja kilichangia pande mbili kufungana 11 kwa 11 katika viti 22, hata ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni. Hesabu hiyo yafaa kuandikwa ubaoni. Ghasia za Juni, zilizoua watu 68, si za kusimuliwa watoto wadogo, ila mwalimu azikumbuke ajue kwa nini somo hili halina mzaha.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, somo lisiishie kwenye kutangaza mshindi. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, ambayo ni kura ya kuamua jambo badala ya kumchagua mtu, na asilimia 66.4 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo aliyeshindwa naye hupewa sehemu ya kazi. Vivyo hivyo, mshokishoki ukishinda, waliotaka mdoriani wapewe zamu ya kuumwagilia, sawa na waliouchagua.

Mwisho, mwalimu asiyageuze matokeo, hata kama mti ulioshinda haumpendezi au miche yake ni shida kupatikana. Watoto hao watafikia umri wa kupiga kura, miaka 18, baada ya mwongo mmoja hivi, na watakachokumbuka ni kama mkubwa wao aliiheshimu hesabu yao au aliidharau. Mpwa anaombwa aiheshimu.

Wasalaam,
Mjomba