Neno "Hadi" na Intaneti ya Nyumbani Kwetu

Huku Lungujja, katika tarafa ya Lubaga, watu hubishana kuhusu intaneti kama wanavyobishana kuhusu mpira. Mmoja atasema MTN, mwingine Airtel, wa tatu atataja CanalBox, na mwenye duka la kuchapisha karatasi atakuambia habari za Roke Telkom au Liquid. Kila mmoja ana namba yake mdomoni: megabiti 10, megabiti 20, megabiti 50. Insha hii inahusu namba hizo. Sikusudii kumtangaza bingwa. Nataka kuonyesha kwamba namba ya kwenye tangazo ndiyo inayotusaidia kidogo zaidi tunapolinganisha kampuni, na kwamba sababu yake imejificha katika neno dogo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua vizuri: "hadi".

Neno hilo lilituletea mjadala katika somo la tafsiri. Tuliagizwa kila mmoja alete tangazo la biashara alitie katika Kiswahili. Mimi nilileta karatasi waliyoniachia vijana wanaouza intaneti nyumba kwa nyumba. Darasa liligawanyika. Wengine waliandika "kasi ya megabiti 10", wengine "kasi ya hadi megabiti 10". Kundi la kwanza lilijitetea kwamba tangazo linatakiwa kuwa fupi. Mhadhiri alikataa: ukiliondoa neno "hadi" umeibadilisha ahadi yenyewe. "Hadi" huweka mpaka wa juu na kunyamaza kuhusu mpaka wa chini. Mtu akikuambia atakulipa hadi shilingi 50,000, kisha akakupa 5,000, hajasema uongo.

Vivyo hivyo na maneno "bila kikomo". Katika karatasi ile, chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba mteja akishatumia kiasi fulani cha data, kasi itapunguzwa mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo kikomo kipo, ila kimehamishwa kutoka kwenye wingi kikapelekwa kwenye kasi. Tangu siku hiyo nikawa nasoma matangazo ya intaneti kama dari ya nyumba. Dari ni nzuri kuitazama, lakini watu hukaa sakafuni.

Nyumbani kwetu suala hili halikuwa la darasani tu. Naishi na dada wa baba, ambaye kwa desturi yetu Waganda namwita Ssenga. Ni mshonaji, na cherehani yake ndiyo inayomlipia karo binamu yangu aliye Senior Six. Mimi huchangia kwa kufundisha Kiswahili kwa njia ya video. Nina wanafunzi wawili, wote wako Ujerumani, na wote hupata nafasi baada ya kazi, yaani saa tatu usiku kwetu. Picha ikiganda mara moja, tunacheka. Ikiganda kila kipindi, mwanafunzi hutafuta mwalimu mwingine. Mmoja alikuwa ameshaniandikia kwa adabu kwamba atavumilia hadi mwisho wa mwezi uliofuata.

Ssenga alitenga shilingi 100,000 kwa mwezi, pamoja na gharama ya kufungiwa mara moja tu. Hiyo ya kufungiwa ilitoka kwenye bahasha ya karo. "Mwanangu," aliniambia, "kitambaa nikikikata vibaya naweza kukigeuza nguo ya mtoto. Hii ukiikata vibaya haigeuki." Akanipa wiki tatu nichunguze.

Nilipima huduma tatu. Nitaziita A, B na C, kwa sababu vipimo vya mtaa mmoja havitoshi kuhukumu kampuni inayohudumia jiji zima. A ilikuwa ruta ya 4G tuliyokuwa nayo nyumbani, iliyotangazwa kuwa na kasi ya hadi megabiti 10 kwa sekunde. B ilikuwa faiba iliyofungwa kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, ya hadi megabiti 20. C ilikuwa huduma ya dishi dogo la juu ya paa katika duka la kuchapisha karatasi, ya megabiti 5. Nilipima mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa tatu usiku. Jirani alinikubalia kuingia kwake hata usiku, na mwenye duka alinisomea namba kwa simu kabla ya kufunga.

Kabla ya kutoa matokeo, kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Kasi hupimwa kwa megabiti, lakini mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 10 haipakui megabaiti 10 kwa sekunde. Inapakua 1.25. Mhadhara uliorekodiwa wenye megabaiti 300 utachukua dakika 4 kwenye megabiti 10, dakika 8 kwenye megabiti 5, na dakika 20 kwenye megabiti 2. Binamu yangu alipoielewa hesabu hii aliacha kudhani kwamba simu yake ni mbovu.

A ilipendeza alfajiri. Ilifika megabiti 9, kisha mchana ikashuka mpaka 6. Saa tatu usiku ilikuwa kati ya 2 na 3, na kasi ya kupakia, yaani ile inayoipeleka sauti na picha yangu Ujerumani, ilikuwa chini ya megabiti moja. B ilitimiza 20 asubuhi na haikushuka chini ya 14 usiku. Lakini katika wiki hizo tatu ilikatika mara mbili, na mara moja lori refu liliuvuta waya uliokuwa umelegea kati ya nguzo mbili, jirani akakaa siku tatu bila kitu. C ilikuwa 5 asubuhi, 4 na nusu mchana, na 4 na nusu usiku, huku kupakia na kupakua kukilingana. Mvua kubwa iliponyesha ilisinzia kwa nusu saa, kisha ikaamka.

Kwa nini A hushuka usiku? Mnara wa simu hugawana masafa yake kwa wote waliounganishwa nao kwa wakati huo. Alfajiri nilikuwa karibu peke yangu. Saa tatu usiku kila mtu kuanzia barabara ya Nateete mpaka kilimani anatazama video. Faiba nayo hugawanywa: kwa kawaida uzi mmoja hugawiwa nyumba 32 au hata 64. Ila uwezo wa uzi ni mkubwa sana, hivyo mgawo wa kila nyumba hubaki wa kutosha kama kampuni haikuuza kupita kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kampuni iliyosifiwa mtaani huweza kuongeza wateja haraka kuliko inavyoongeza uwezo. Ndiyo maana sifa za mwaka jana hazitoshi kununulia huduma ya mwaka huu.

Kuna pia suala la mahali. Faiba hufuata nguzo, na nguzo zenye faiba hufuata barabara zenye wateja wa kulipa. Jirani yetu yuko kando ya barabara. Sisi tuko nyumba nne ndani, upande wa bondeni. Wauzaji walituambia kwamba tunafikika, lakini kwa waya wa ziada, na kwa bei ya ziada.

Jambo la tatu nililojifunza ni kwamba kasi hutegemea unapima kuelekea wapi. Programu ya kupimia huchagua yenyewe mtambo ulio karibu, mara nyingi hapa hapa Kampala. Jiji letu lina kituo cha kubadilishana data kati ya kampuni za Uganda tangu mwaka 2001, na data inayobaki nchini husafiri upesi sana. Kwa B, kwenda na kurudi Kampala kulichukua milisekunde 6. Nilipochagua mtambo wa Frankfurt, ilikuwa karibu 160. Wanafunzi wangu hawako Kampala. Kipimo cha kweli kwangu kilikuwa kile cha Frankfurt.

Safari hiyo ndefu ina historia yake. Uganda haina bahari. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi satelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu yetu. Ujumbe kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka tena, kulikula karibu nusu sekunde hata kabla ya mitambo kufanya kazi yake. Mwaka 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Tangu hapo data yetu hupita zaidi Malaba au Busia kuingia Kenya, na nyingine hupita Mutukula kuingia Tanzania, ndipo izame baharini. Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku hizo ubishi wa mtaani kuhusu kampuni ipi ni bora haukuwa na maana sana. La maana lilikuwa ni kampuni ipi imenunua njia zaidi ya moja.

Hata ndani ya jiji majina mengi hayamaanishi nyaya nyingi. Mwaka 2013 Google ilitangaza mradi wake wa kutandaza faiba Kampala na kuikodisha kwa kampuni zinazouza intaneti, mradi ambao baadaye ulikuja kuwa kampuni ya CSquared. Mpango huo ulipunguza haja ya kila kampuni kuchimba mtaro wake. Lakini una maana pia kwamba nembo mbili tofauti zinaweza kupita katika mtaro mmoja. Anayenunua huduma ya pili kama akiba aulize kwanza kama njia ni ya pili kweli.

Kisha kuna mambo ambayo hakuna kampuni inayoyamudu. Kuanzia Julai 1, 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bei ya data. Na jioni ya Januari 13, 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Kwa siku hizo aliyelipia megabiti 50 na aliyelipia megabiti 2 walikuwa na kasi moja. Sakafu ya sakafu zote haiwekwi na kampuni.

Wiki tatu zilipokwisha nilimwekea Ssenga karatasi mezani. Kila huduma niliipa namba mbili tu, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Binamu yangu aliitaka B. Hoja yake ilikuwa na nguvu: yeye hupakua masomo na mitihani ya zamani alfajiri, na kwa B angemaliza kwa robo ya muda wa C. Akikosa siku tatu, angesoma vitabu. Mimi nilisema kipindi cha video kinahitaji megabiti moja au mbili tu kila upande, lakini kinazihitaji kila usiku bila kukosa, na siku tatu za giza zingeweza kunipotezea mwanafunzi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. A haikutetewa na mtu, ingawa ilikuwa na fadhila yake: umeme ukikatika, ruta yake yenye betri iliendelea kufanya kazi huku faiba ya jirani ikilala pamoja na taa.

Ssenga alisikiliza, akauliza swali moja: "Ni saa ngapi intaneti hii inaleta hela?" Nikajibu saa tatu usiku. "Basi tuipime saa tatu usiku." Tukafungiwa C. Megabiti 5, katika mtaa ambao watu hutaja 50. Vijana wa karibu walinicheka, na sikuwa na la kuwajibu isipokuwa kwamba tano zangu zipo.

Sitasema kwamba uamuzi ule ulimfaa kila mtu. Binamu yangu bado huamka mapema zaidi ili kupakua, na mvua ikitanda juu ya Lubaga huwa natuma ujumbe Ujerumani mapema kuomba tuanze baadaye kidogo. Lakini wanafunzi wote wawili wapo, na bahasha ya karo ilirudishiwa fedha yake kabla muhula haujaanza. Kama wanafunzi wangu wangekuwa wa alfajiri, huenda hesabu ingetupeleka B, na nyumba ya tatu kutoka kwetu ingekuwa na jibu lake tofauti na letu.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti methali hiyo inahitaji nyongeza, maana siku hizi hata kizuri hujitembeza, kikiwa kimevaa fulana yenye nembo. Wauzaji hupita saa nne asubuhi, wakati mnara umepumzika na kila laini ni hodari. Mpokee karatasi yake, mshukuru, kisha saa tatu usiku nenda ukabishe hodi kwa jirani aliyeinunua mwezi uliopita. Mwombe apime mbele yako, kwenda na kurudi, kuelekea mbali. Namba utakayoiona hapo haitakuwa na neno "hadi" mbele yake.