Majeshi ya Mezani

Ndugu zangu wasomaji, mchezo ni kitu kidogo, lakini moyo wa mtu aghalabu huonekana katika vitu vidogo. Leo nataka kusema juu ya mchezo mmoja wa watu wazima wa Ulaya. Huunda majeshi ya sanamu ndogo, wakayapanga juu ya meza, wakapigana upya vita vilivyokwisha zamani.

Wapo watakaouliza kwanza hukumu ya sanamu, na hukumu ya dadu zinazorushwa katika mchezo huo. Hayo wanavyuoni wetu wameyaeleza, na kila mtu anaye mwalimu wake wa kumuuliza. Mimi nina jambo jingine.

Asili yake ni hii. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa ramani na vipande, ili maofisa wajifunze vita pasi na kumwaga damu. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza, H. G. Wells, akatoa kitabu chake Little Wars, akifundisha kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mizinga midogo ya springi. Alitaka watu waone kuwa vita hivi vidogo ni bora kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja.

Nilipokwenda Uingereza kumtazama mwanangu, jirani yake, mzee aliyestaafu, alinionyesha kazi yake. Sanamu moja haizidi kiungo cha kidole gumba. Huikwangua mabaki ya kalibu kwa kisu, huigandisha bunduki kwa gundi, huipaka rangi moja ya chini ili nyingine zishike, kisha hupaka nguo, uso, mkanda na vifungo. Mwisho huipitishia rangi nyepesi kama maji, ikatuama katika mikunjo ya nguo na kufanya kivuli. Na kabla ya kushika brashi husoma vitabu, ajue kofia ya kikosi kile ilikuwaje mwaka ule. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nikasema moyoni, laiti wanafunzi wetu wangeuchunga mwandiko wao namna hii!

Meza yake ilikuwa Tanga, Novemba 1914. Nikaiona bandari, reli na mashamba. Waingereza walileta kutoka Bara Hindi askari wapatao 8,000. Von Lettow-Vorbeck alikuwa nao kama 1,000 tu, na akashinda. Hata nyuki waliowavamia askari siku ile, mzee yule hakuwasahau: alikuwa na kanuni yao.

Nikamwuliza, "Mzee mwenzangu, na wapagazi wako wapi?"

Akatazama meza yake, akasema hakuwa nao, kwani hawapigani.

Ndugu msomaji, vita vile viliendelea katika nchi zetu mpaka Novemba 1918, na waliovibeba mabegani ni wapagazi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kaka yake aliyechukuliwa mwaka 1917, akabebeshwa mzigo, asirudi. Mpaka anafariki, bibi alikuwa akimsomea Fatiha kila Ijumaa, pasi na kaburi la kulizuru.

Simlaumu mzee yule, kwani alikuwa mkweli katika kila kifungo alichokipaka. Walakini ukweli wa vifungo si ukweli wote. Katika meza, aliyeanguka hurudishwa sandukuni, na Jumamosi ijayo akasimama tena. Na asiyekuwa na bunduki hakuumbwa kabisa.

Watoto wetu nao wanavyo vita vyao, vya bunduki za plastiki na vya kwenye simu. Kuwanyang'anya ni rahisi, na pengine ni lazima. Lakini kabla ya kunyang'anya, kaa na mwanao umwulize: huyu aliyeanguka ana mama? Nani alimbebea chakula? Nani anamngoja nyumbani? Mtoto atakayezoea kuuliza hivyo, hata akikua akapewa amri juu ya watu, hatawahesabu kama vipande vya risasi.

Wabillahi tawfiq.