Goiânia: Zawadi Iliyong'aa Gizani

Ukisikia Brazili unawaza Rio, ufukwe na samba. Sawa. Lakini ukiingia bara, kama kilomita 200 kutoka Brasília, utakuta Goiânia, jiji lenye bustani nyingi na miti kila kona. Katikati ya jiji hilo, Rua 57, kuna kiwanja ambacho nyumba yake ilibomolewa na ardhi ikafunikwa zege. Balaa lililoanzia hapo lilisambazwa na kitu tunachokisifia sana humu: upendo.

Septemba 1987, vijana wawili waliingia kwenye kliniki ya saratani iliyohamwa, wakachomoa kichwa cha mashine ya mionzi. Wao waliona chuma cha kuuza tu. Wakakigonga-gonga uani, chini ya mwembe, kisha wakakiuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Usiku jamaa akaona mwanga wa buluu ukitoka ndani yake. Akaupenda, akapanga kumtengenezea mkewe pete! Ndugu na marafiki wakaitwa kutazama, wakagawiwa punje ndogo kama mchele. Wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa miaka sita alichezea unga ule, kisha akala kwa mikono hiyohiyo.

Kumbe unga ule ulikuwa sesiamu-137. Hebu fikiria chumvi ya jikoni: inayeyuka kwenye maji, inanata kwenye jasho, na ukiimeza mwili unaipokea bila wasiwasi. Sesiamu ile ilikuwa hivyohivyo. Ilisafiri kwa viatu, nguo, kupeana mikono, hata noti za benki. Mvua zilinyesha, lakini hazikuiondoa. Jua likakausha udongo, upepo ukapeperusha vumbi, likatua juu ya mapaa.

Aliyeokoa jiji ni mke yule aliyeahidiwa pete. Aliona watu wanatapika na kudhoofika, akahisi chanzo ni kile kitu. Septemba 28 kikatiwa mfukoni, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Kesho yake mtaalamu wa fizikia alipopima, ukweli ukajulikana. Oktoba 23 mama huyo alifariki, siku moja na yule mtoto. Jumla walikufa wanne. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, wengi wao kwenye uwanja wa michezo, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Kusafisha nako si mchezo. Mionzi huwezi kuichoma moto ikaisha. Unachoweza ni kuihamisha na kuifungia. Mapaa yalioshwa kwa maji ya presha, ndani ya nyumba vumbi likavutwa kwa mashine, udongo wa juu ukachimbwa na nyumba saba zikabomolewa. Wagonjwa walipewa dawa iitwayo Prussian Blue, rangi ya buluu inayoikamata sesiamu tumboni ili itoke chooni. Buluu iliua, buluu ikaponya.

Unga usiofika gramu 100 ulizalisha taka za kama mita za ujazo 3,500. Leo taka hizo zimezikwa ndani ya zege huko Abadia de Goiás, nje kidogo ya jiji. Nguvu ya sesiamu hupungua nusu kila miaka 30 hivi, kwa hiyo iliyobaki sasa haifiki nusu ya ile ya 1987. Wajukuu wetu wataikuta bado.

Kidonda kingine hakikupimika kwa mashine. Hoteli za miji mingine ziliwakataa watu wa Goiânia, na kwenye mazishi ya mtoto yule watu walirusha mawe. Majirani, bwana!

Kwa hiyo wewe na mwenzi wako mkifika, simameni kidogo pale Rua 57. Yule bwana hakuwa mbaya, alipenda tu bila kujua anachogawa. Na ukikutana na kitu chenye alama ya mapanga matatu kwenye rangi ya njano, hata king'ae vipi, usikiguse, usikipeleke nyumbani. Toa taarifa. Pete utanunua dukani.